Mantabali ya jioni: tunalipia nini hasa?



Katika msimu mmoja wa karafuu tulimpokea wodini mtoto wa miaka mitatu. Alikuwa mpole kupita kiasi, viganja vimepauka, na ndani ya kope zake hamkuwa na wekundu wa kutosha. Kipimo kilionyesha damu gramu 8 kwa desilita, hali mtoto wa umri ule apaswa kuwa na gramu 11 au zaidi. Tukamwuliza mama yake mtoto anakula nini jioni. Alijibu kwa kujiamini, wala hakuwa akisema uongo: "Anakula nyama kila siku, Bibi. Baba yake akitoka kuchuma humletea pizza ya nyama na mayai."

Jioni ile baba alikuja kumtazama mwanawe, na mkononi alishika kifurushi chenye moto. Tulimwomba ruhusa tukifungue pamoja. Ndani mlikuwa na mkate uliokaangwa, unaonukia vizuri, vitunguu vingi, utando mwembamba wa yai, mayonezi, na nyama ya kima ambayo ukiikusanya yote haijazi kijiko cha chai. Baba alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe mimi nalipa bei ya nyama, naleta unga."

Tangu siku ile neno la baba yule limekuwa likitusumbua. Je, bei tunayotoa kwa chakula hiki cha kununua jioni ni ya haki kwa kile tunachopata? Wengine husema wauzaji wanatunyonya. Wengine husema chakula ni rahisi, tuwashukuru. Sisi tunaona pande zote mbili zinahesabu shilingi na kusahau kuhesabu kilichomo ndani ya mkate.

Kabla ya kuendelea, tukiri kosa letu. Sisi wauguzi hatuna haki ya kumrushia mtu jiwe. Zamu ya usiku inapoanza na nyumbani hatukuwahi kupika, nasi pia hutuma kijana atuletee mantabali. Basi tunayoyaandika hapa yanatuhusu wote.

Jina jipya, mkate wa zamani

Chakula chenyewe wazee wetu walikiita mantabali. Jina hilo limetoka katika Kiarabu, nalo lina maana ya kitu kilichokunjwa. Mpishi hutandaza donge la unga wa ngano mpaka liwe jembamba kama karatasi, huweka katikati nyama ya kima, vitunguu, pilipili mboga na yai, hukunja pembe nne, kisha hukaanga juu ya chuma cha bapa. Ndugu zetu wa Mombasa wanao mkate wa namna hiyo hiyo, wao huuita mkate wa mayai.

Jina la "pizza ya Zanzibar" limevuma zaidi pale Forodhani, Unguja, ambako wageni hula jioni kando ya bahari, hasa baada ya bustani ile kukarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009. Kutoka huko jina limevuka bahari hadi kwetu Pemba, na sasa Chake Chake, Wete na Mkoani kijana akisema "pizza" mara nyingi anataja mantabali. Pizza yenyewe ya Italia ni kitu kingine: ni mkate wa kuoka, wa duara, wenye nyanya na jibini juu yake. Hata hiyo ilianza kama chakula cha watu maskini wa mji wa Napoli, cha kulia njiani. Kwa hiyo, pizza na mantabali zina undugu mmoja: zote ni chakula cha mtu asiye na nafasi ya kurudi nyumbani kupika.

Tumhesabie muuzaji kwanza

Yafaa tuanze kwa kumtendea haki muuzaji. Tuchukue bei za mfano. Msomaji aweke bei za kwao, maana sokoni bei hubadilika kila wiki. Tuseme mantabali moja inauzwa shilingi 3,000. Ndani yake tuweke vitu kamili kama ipasavyo:

Unga wa ngano gramu 80, shilingi 180.
Mafuta vijiko viwili vikubwa, shilingi 180.
Yai moja, shilingi 500.
Nyama ya kima gramu 30, yaani kama vijiko viwili vikubwa, shilingi 420.
Vitunguu na pilipili mboga, shilingi 150.
Mayonezi kijiko kimoja, shilingi 150.
Karatasi ya kufungia, shilingi 100.

Jumla ni shilingi 1,680. Tukiongeza makaa au gesi shilingi 150, tumefika 1,830. Kinachobaki ni shilingi 1,170. Kutokana na hizo muuzaji hulipa ushuru, taa, kijana wa kumsaidia, na madonge yasiyouzwa siku ya mvua. Yeye mwenyewe amekanda unga tangu mchana na atasimama mbele ya moto mpaka saa nne ya usiku. Je, huyo ametunyonya? Hasha. Mkate uliojaa vizuri kwa bei hiyo ni biashara ya haki, na aliyeuuza amestahili ujira wake.

Tatizo linaanza vitu vinapopanda bei. Wasomaji wanakumbuka mwaka 2022, vita vilipoanza Ukraine. Bei ya ngano na ya mafuta ya kula ilipanda duniani kote, na sisi tunaotegemea sana ngano na mafuta ya kutoka ng'ambo tuliipata adha hiyo mpaka jikoni. Muuzaji alikuwa na njia mbili: kupandisha bei, au kupunguza kilichomo.

Kupandisha bei ni kazi ngumu kuliko tunavyofikiri. Mteja huja na noti yake mkononi, naye amekwisha kuamua kabla hajafika kwamba mantabali ni kiasi fulani. Jambo hili haliko kwetu tu. Mjini New York, huko Marekani, mwaka 1980 mtu mmoja alieleza gazetini kwamba kwa miaka mingi bei ya kipande kimoja cha pizza ilikuwa ikienda sambamba na nauli ya treni ya mjini: nauli ikipanda, na pizza inapanda. Maana yake ni kwamba chakula cha njiani hufuata fedha ambayo mtu amezoea kuitoa mfukoni, wala si gharama ya unga na jibini peke yake.

Basi na kwetu ni hivyo. Muuzaji akitaja 3,500 mahali pa 3,000, mteja huguna na kwenda meza ya pili. Muuzaji naye si mjinga. Bei huiacha palepale, ila huipunguza nyama. Yai moja hulipigia mikate miwili. Vitunguu huongezwa ili mkate uonekane umejaa. Hakuna aliyetangaza lolote, na kila mtu ameridhika.

Mwili hauridhiki

Sasa tuhesabu kwa kipimo cha wodini. Zamani tulipofundisha akina mama kliniki tuligawa vyakula katika mafungu matatu: vya kutia nguvu, vya kujenga mwili, na vya kulinda mwili. Leo wataalamu wanayapanga mafungu kwa namna nyingine, lakini kwa jambo letu mgawanyo ule wa zamani bado unatusaidia.

Mantabali kamili tuliyoihesabu ina protini, yaani ya kujenga mwili, kama gramu 20: nane kutoka kwenye unga, sita kutoka kwenye yai, na sita kutoka kwenye nyama. Hicho si kidogo. Ina nguvu kama kilokalori 770, na karibu nusu yake yatokana na mafuta ya kukaangia pamoja na mayonezi. Ni chakula kizito, chenye mafuta kupita kiasi, lakini ndani yake mna kitu.

Tuipunguze sasa kama ilivyo desturi ya miaka hii. Nyama tuifanye gramu 10 badala ya 30. Yai tuligawe nusu. Muuzaji ameokoa shilingi 530. Nguvu imeshuka kidogo tu, kutoka 770 hadi kama 690, kwa hiyo mlaji atashiba vilevile na hatahisi chochote. Lakini protini imeshuka kutoka gramu 20 hadi 13, yaani theluthi moja imepotea. Madini ya chuma ya kwenye nyama, ambayo mwili huyapokea kwa urahisi kuliko yale ya kwenye mboga na nafaka, yamebaki theluthi moja tu.

Hapa ndipo jibu letu lilipo. Tumbo hupimwa kwa unga na mafuta, ambavyo ni rahisi. Damu hupimwa kwa nyama, mayai, dagaa na mboga, ambavyo ni ghali. Tunapomkazania muuzaji asipandishe bei, yeye hupunguza kile kilicho ghali na kutuachia kile kilicho rahisi. Shilingi 500 tulizokataa kuongeza mezani kwake huja kulipwa na mtoto kwa damu yake.

Kwa nini jambo hili ni zito hapa Pemba

Kisiwa chetu kina historia ya ugonjwa wa upungufu wa damu. Watafiti waliowapima watoto wa shule hapa Pemba katika miaka ya 1990 walikuta zaidi ya nusu yao wana upungufu wa damu, na minyoo ya safura ilikuwa sababu mojawapo kubwa. Tangu mwaka 2000 tunayo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi, na kazi kubwa imefanyika juu ya minyoo, kichocho na malaria. Hali si ile ya zamani. Hata hivyo, wodini bado tunawaona watoto waliopauka.

Hatusemi mantabali ndiyo iliyomwangusha yule mtoto wa miaka mitatu. Choo chake kilipopimwa kilikuwa na mayai ya safura, na minyoo hiyo hunyonya damu kidogo kidogo kila siku. Lakini mtoto anayepoteza damu kila siku anahitaji chakula cha kuirudisha, na wazazi wake waliamini wanampa. Huo ndio uchungu wa habari hii. Lau wangekuwa wazazi wavivu tungewakemea. Hao walikuwa wakitoa fedha ya jasho, fedha inayopatikana kwa pishi juu ya mkarafuu, na kwa upendo kabisa walikuwa wakimnunulia mwanao unga na mafuta.

Kwa watu wazima hatari ni ya upande mwingine. Shinikizo la damu na kisukari vimekuwa wageni wa kila siku katika kliniki zetu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Chumvi ya donge, ya nyama, ya mayonezi na ya tomato ya chupa hukutana zote katika mkate mmoja. Anayekula mara moja kwa mwezi hana neno. Anayekula kila jioni, na baada yake soda, ajue kuwa bei hasa ya chakula chake atakuja kuimalizia kwenye dirisha la dawa.

Je, tupike nyumbani?

Kwa bei zetu za mfano, ukiondoa karatasi na mayonezi, vitu vya mantabali moja nyumbani ni shilingi 1,430. Fedha ya kununua mbili, yaani 6,000, yatosha kupika nne kamili, na chenji ya makaa ikabaki. Tena ukiacha ngano kabisa, ukaleta muhogo au ndizi, dagaa, matembele na ndimu, fedha ile ile hulisha nyumba nzima.

Lakini tuwe wakweli. Hesabu hiyo imesahau mtu mmoja, naye ni mama. Nani atakanda, nani atawasha moto, nani ataosha vyombo? Mwanamke aliyekuwa shambani akichambua karafuu tangu asubuhi, ukimwambia "pika, ni rahisi", umemhesabia kazi yake kuwa bure. Siku nyingine ile tofauti ya fedha tunayompa muuzaji ni bei ya mapumziko ya mama, na sisi tunasema ni bei halali. Ila siku hizo zihesabiwe. Kununua mara moja kwa wiki ili mama apumzike ni busara. Kununua kila jioni kwa sababu baba hataki kuchota maji wala mtoto mkubwa kumenya muhogo ni jambo jingine.

Ushauri wetu

1. Ulizeni kilichomo kabla ya kuuliza bei. Simama uone mpishi anavyojaza. Sema kwa adabu, "Ndugu yangu, nitilie yai zima, na nyama uiongeze, nitalipa zaidi." Muuzaji mwema atafurahi, kwa kuwa yeye pia hapendi kuuza mkate mtupu.

2. Wauzaji wapendwa, pandisheni bei mkilazimika, lakini msiibe nyama kimyakimya. Au uzeni namna mbili wazi: ya vitunguu kwa bei yake, na ya nyama kwa bei yake. Mteja achague akijua.

3. Mkisafiri kwenda Unguja au Dar es Salaam mkanunua pizza ya duara, msidanganywe na upana. Duara la sentimita 30 halizidi la sentimita 20 kwa nusu. Ni zaidi ya mara mbili, kwa sababu limepanuka pande zote. Basi moja kubwa inayouzwa chini ya bei ya ndogo mbili ni nafuu kwa familia. Lakini hapo pia tazameni kilicho juu ya mkate.

4. Mantabali ya kununua isiwe chakula kamili cha mtoto mdogo. Ikiletwa, mkatieni kipande, kisha mpeni na dagaa, maharage au kunde, pamoja na mboga ya majani. Mpeni chungwa au embe baadaye, maana matunda hayo husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika mboga na kunde. Chai msimpe pamoja na chakula, kwani huyazuia madini hayo.

5. Nunueni iliyokaangwa mbele yenu, nyama imeiva mpaka ndani. Kima mbichi iliyokaa juani tangu alasiri, na mayonezi yaliyoachwa wazi, huleta kuhara. Mafuta yakiwa meusi na yanatoa moshi, nendeni meza nyingine.

6. Mtoto akipauka, akichoka upesi, au akila udongo, mleteni hospitali apimwe damu na choo. Msijitibu kwa kubadilisha chakula peke yake, wala msinunue dawa za kuongeza damu bila kupimwa.

Neno la mwisho

Yule mtoto alipewa dawa ya minyoo na matibabu ya damu, akarudi kwao. Wiki chache baadaye walikuja kliniki, na kipimo kilikuwa kimepanda. Tulimwuliza mama, "Mwanangu, na pizza je, mmeacha?" Akacheka. "Hatujaacha, Bibi. Baba yake siku hizi hununua moja badala ya mbili, lakini husimama pale pale mpaka aone yai zima limepasuliwa. Ile fedha ya pili naletewa dagaa."

Hatuna la kuongeza juu ya hesabu ya familia ile. Mantabali iliyojaa, hata ikipanda bei kidogo, ni bei ya haki. Mantabali tupu ni ghali hata ikiuzwa nusu. Jioni ya leo, kabla ya kutoa noti mfukoni, fungua kwanza mkate utazame.